Foleni ya wageni pale Luano

Ndege ilipoanza kushuka niliweka uso kwenye dirisha na sikuutoa tena. Ilikuwa Julai 2024, miaka saba na miezi miwili tangu niondoke nyumbani. Majani yamekauka, ardhi nyekundu imekatwakatwa na vijia vya miguu, na vichuguu vimesimama kila upande, vile ambavyo ukizaliwa Lubumbashi unaacha kuviona. Halafu likatokea lile bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando yake. Machozi yakanitoka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mfanyabiashara aliyepanda Addis Ababa, akanipa kitambaa na hakuuliza kitu.

Ndani ya uwanja wa Luano kulikuwa na foleni mbili. Miguu yangu ilienda yenyewe kwenye ile iliyojaa watu wanaosema kama mimi. Nilikuwa nimebakiza watu watatu mbele yangu nilipotoa paspoti kwenye mkoba. Kijana wa uhamiaji akaona rangi yake.

"Mama, hapa ni Bacongomani. Bageni ni kule."

Hakusema kwa ubaya. Alinionyesha njia kama unavyomwonyesha mtu aliyepotea, na alikuwa na haki. Nikamwambia aksanti, nikavuta sanduku langu mpaka foleni ya pili, nyuma ya Wachina wanne waliokuwa wanakuja kwenye machimbo. Afisa wa dirishani alisoma ukurasa wa kwanza, akainua macho.

"Unazaliwa Lubumbashi? Kartie gani?"

"Katuba."

"Na miye pia."

Akagonga muhuri juu ya visa yangu, visa niliyoilipia na kuingoja kama mgeni mwingine yeyote, kisha akanirudishia paspoti kwa mikono miwili.

Watoto wa wadogo zangu, na vijana wengine wa kartie, yaani mtaa wetu, ambao siwajui hata sura, wananiandikia karibu kila wiki: mama mukubwa, uraia wa Marekani unapatikana namna gani? Maswali ni mangapi? Kingereza kinahitajika kiasi gani? Ni dola ngapi? Nawajibu yote hayo, na hapa pia nitayajibu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu ile foleni ya pili. Mimi pia sikuuliza nilipokuwa na umri wao, na hakukuwa na mtu wa kuniambia. Ndiyo maana naandika.

Nilikwenda kwa loterie, ile bahati nasibu ya visa za Marekani, kama wengi wa Lubumbashi. Mwishoni mwa 2015 mume wangu alituandikisha wote wawili kwenye cyber moja karibu na soko la Kenya (kwetu Kenya ni sehemu ya mji, siyo ile nchi), na Mei 2016 jina langu likatoka. Kuanzia hapo ni makaratasi juu ya makaratasi. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kimepotea zamani, kwa hiyo ilibidi kwenda mahakamani kupata ile hukumu ya kuziba pengo, jugement supplétif. Diploma ya serikali ilibidi itafutwe. Kisha ndege ya Kinshasa, vipimo vya daktari, dola 330 za visa kwa kila kichwa, mahojiano ubalozini. Mei 2017 tukafika Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, sisi wawili na mtoto wetu wa miaka mitano. Aliyetupokea alikuwa mtu wa kanisa letu aliyetangulia.

Ukiingia na visa ya namna ile unakuwa mkaaji wa kudumu siku hiyo hiyo, na kadi ya kijani inakuja kwa posta. Baada ya hapo unahesabu miaka mitano. Katika miaka hiyo lazima uwe umeishi ndani ya nchi angalau miezi 30, na usikae nje miezi sita mfululizo, maana hapo hesabu inaweza kukatika. Siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia unaruhusiwa kutuma ombi. Mimi nilituma Februari 2022. Wakati ule ada ilikuwa dola 725 pamoja na alama za vidole. Tangu Aprili 2024 ni 760 kwa karatasi na 710 kwa intaneti, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe. Waambieni wazazi wenu walioko kule, maana wengi wanakaa miaka wakichanga pesa ambazo pengine wasingetakiwa kulipa.

Mwalimu wangu alikuwa Baba. Alifundisha historia na jiografia miaka zaidi ya thelathini kwenye shule za Katuba na Kenya, na aliposikia kwamba kuna mtihani wa maswali 100, akamtuma mdogo wangu cyber akachape orodha nzima kwa Kifaransa. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Nikitoka saa kumi na mbili asubuhi, kwake ilikuwa saa saba au saa nane mchana, ameshamaliza bukari yake, yaani ugali, na ameketi chini ya mwembe. Nilikuwa nakaa ndani ya gari kwenye maegesho, kabla ya kuwasha injini, na simu inalia.

"Mama, tuanze."

Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilipokuwa shule ya msingi alikuwa ananiuliza masomo kwa sauti ile ile, na sikutegemea kuisikia tena nikiwa na miaka 40, ndani ya gari, theluji ikiwa imefunika kioo.

Kwa Baba mtihani ule haukuwa orodha ya kukariri. Swali linasema: taja mmoja wa mito miwili mirefu zaidi ya Marekani. Jibu ni Missouri au Mississippi, na Iowa iko katikati ya hiyo miwili, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Baba alitaka kujua kwanza maji yanatoka wapi, yanaelekea wapi, meli zinafika mpaka wapi. Kisha akanirudishia swali: na Lualaba inaanzia wapi? Nikajibu. Alikataa tuendelee mpaka nijibu.

Tulipofika kwenye vita vya pili vya dunia, ambapo unaulizwa Marekani ilipigana na nani, nilisema Japani, Ujerumani na Italia, nikadhani tumemaliza. Akanyamaza kidogo. "Hapo na siye tuko ndani," akasema. Akanieleza Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, jinsi sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilivyotoka kwenye ardhi yetu, ikachimbwa kwa mikono ya watu wetu, na jina lao haliko kwenye orodha yoyote ya maswali. Nilikuwa nimesikia habari hizo utotoni. Sikuwahi kuzisikia nikiwa upande wa pili wa bahari, nikijiandaa kula kiapo kwa nchi iliyoinunua urani ile.

Na kuna swali linalouliza ni watu gani waliopelekwa Marekani na kuuzwa kama watumwa. Jibu linalokubaliwa ni neno moja: Waafrika. Siku hiyo Baba hakusahihisha kitu. Alisema tu kwamba New Orleans kuna uwanja unaoitwa Congo Square, na kama siku moja nitafika kule nisimame hapo kidogo kwa niaba yake. Bado sijafika.

Mtihani umebadilika tangu hapo. Mimi niliulizwa kutoka maswali 100: afisa anauliza mpaka kumi, ukipata sita umepita. Waliotuma ombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, wanaulizwa mpaka ishirini, wanatakiwa kupata kumi na mbili. Kusoma sentensi moja na kuandika sentensi moja kwa Kingereza kumebaki, na ukishindwa sehemu moja unapewa nafasi moja zaidi. Mzee wa miaka 50 aliyekaa na kadi ya kijani miaka 20, au wa miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15, anafanya mtihani kwa lugha yake na mkalimani. Kwenye kanisa letu bibi mmoja wa Uvira alijibu yote kwa Kiswahili, akatoka akiimba.

Lakini nawaambia kweli: mtihani ndio sehemu nyepesi. Mzigo uko kwenye fomu.

Fomu inaitwa N-400. Inataka kila anwani uliyoishi miaka mitano, kila kazi, kila safari nje ya nchi na tarehe zake, kodi, faini za barabarani. Halafu inataka majina yako, na hapo Mkongomani anaanza kutoa jasho. Sisi tuna jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la ubatizo), na kaka na dada wa tumbo moja kila mmoja ana lake, kwa sababu mtoto anapewa jina la mtu, hapewi jina la ukoo. Kule wanataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na la mwisho liwe la baba. Nilizaliwa 1981, wakati wa Zaïre, wakati majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo jina langu la ubatizo halikuandikwa popote. Liliingia kwenye makaratasi ya shule baada ya 1990, ruhusa iliporudi. Hukumu ya mahakama ina majina mawili, diploma ina matatu, kadi ya kijani imeyapanga kinyume. Niliandika yote, yote, kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, na nikaambatisha maelezo. Kijana, ukianza leo kukusanya makaratasi, anza na hilo.

Kwenye ukurasa mmoja wanakuuliza kama unataka kubadilisha jina, maana wakati wa kuwa raia inaruhusiwa. Nilimsomea Baba. Yeye mwaka 1972, akiwa na miaka 23, aliamka siku moja hana jina la Yosefu tena kwa amri ya serikali. Akaniuliza, "Na weye unataka?" Nikasema hapana. Akasema basi tuendelee.

Kuna swali jingine ambalo lilinichukua majuma matatu. Linauliza kama uliwahi kuwa ndani ya kundi, au kusaidia kundi, ambalo lilitumia silaha dhidi ya mtu yeyote. Unatakiwa kuweka alama, ndiyo au hapana.

Aprili 1997 askari wa AFDL, waasi wa Laurent Kabila, waliingia Lubumbashi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Walipita Katuba kwa miguu, wengi wao kadogo, watoto wadogo kuliko mimi, buti za mpira miguuni na bunduki zinazowagonga magoti. Walikuwa na kiu. Mama yangu alitoka na beseni la maji na vikombe, akanipa mimi nibebe vikombe. Mmoja alikunywa vikombe vitatu, akasema aksanti mama, akaendelea. Sikumbuki uso wake, nakumbuka shingo yake, ilikuwa nyembamba sana. Watu wote wa njia yetu walifanya hivyo. Huo ulikuwa msaada kwa kundi lenye silaha, au ilikuwa maji?

Marafiki waliniambia niweke hapana na nisijitafutie matatizo. Mume wangu pia. Nilikwenda kwa wakili wa shirika moja linalosaidia wahamiaji bila malipo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hawezi kuniahidi kitu, lakini uongo ndani ya fomu hii unaweza kukufuata hata baada ya miaka ishirini ukiwa raia, na ukakunyang'anya uraia wenyewe, wakati kweli unaisema mara moja tu. Nikaandika nusu ukurasa. Niliandika beseni, vikombe, umri wangu.

Mahojiano yalikuwa Oktoba. Nilivaa kitenge nilichoshonewa na Mama kabla ya kuondoka, na juu yake koti. Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, hana haraka, na aliniapisha kwanza niseme kweli. Maswali ya historia yalikwisha kwa dakika chache: nilikosa moja la Benjamin Franklin, nikapata sita, akasimamisha hapo. Nikasoma sentensi, nikaandika sentensi kuhusu rais na nyumba anayoishi. Kisha akarudi kwenye fomu, swali kwa swali. Alipofika kwenye ile nusu ukurasa, akaweka kalamu chini.

Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Aliuliza kama tulilazimishwa. Nikasema hakuna aliyetushikia bunduki, lakini hakuna pia aliyefikiria kwamba anaweza kukataa. Aliuliza kama tulijua watu wale walikuwa wanakwenda wapi. Nikasema Kinshasa, nchi nzima ilijua. Akachukua faili, akatoka, na mlango ukafungwa.

Sijui alikaa nje muda gani. Ukutani kulikuwa na saa lakini sikuitazama. Nilikuwa namfikiria Mama, jinsi ambavyo angeshangaa kujua kwamba beseni lake la bati limefika mpaka Iowa, na mtu mzima ametoka chumbani kwa ajili yake. Aliporudi aliketi, akaandika mstari mmoja, akauliza swali lililofuata: kama sheria ikinitaka, nitashika silaha kuitetea Marekani? Nikasema ndiyo. Nilisema kweli, lakini neno lile lilipotoka mdomoni niliona tena shingo ya yule kadogo. Mwishoni akanipa karatasi iliyosema kwamba ombi langu linapendekezwa kukubaliwa.

Kwa nini niliharakisha hivyo? Kwa sababu ya Mama. Alikuwa na figo mbovu. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumwombea mume au mtoto, lakini baba na mama wanaweza kuombewa na raia peke yake. Ningeweza kuendelea kuishi na kadi miaka yote, kama mume wangu anavyoishi mpaka leo. Yeye alikataa uraia. Alisema, "Kadi inanitosha, na siku nikitaka kurudi Lubumbashi kugombea hata uchefu wa kartie, sitaki mtu aniambie mimi ni mgeni." Tuligombana juu ya hilo. Mtoto wetu hakuulizwa: kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000, mtoto mwenye kadi, aliye chini ya miaka 18 na anayeishi na mzazi raia, anakuwa raia siku ile ile mzazi anapokuwa. Kwa hiyo katika nyumba moja tuna meza moja, sufuria moja, na nchi mbili.

Mume wangu ndiye aliyesoma Katiba. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, na mtu hawezi kuushika pamoja na uraia mwingine wowote. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inasema hivyo hivyo, na inaongeza kwamba Mkongomani akichukua uraia wa kigeni anaupoteza wa Kongo. Hawakuandikii barua. Hakuna ofisi inayokuita. Unainua mkono Des Moines, na kitu kinaanguka Lubumbashi, na hakipigi kelele. Wengi wanaendelea kutembea na paspoti zote mbili, moja kwa kila uwanja wa ndege, na siwahukumu, najua wanachokitafuta. Mimi nilishindwa. Baada ya kusema kweli juu ya vikombe vya maji, nisingeweza kudanganya dirishani Luano.

Usiku wa kuamkia kiapo nilimpigia Baba, nikamwambia maneno ambayo nitatamka kesho yake: kwamba nakana na kuacha kabisa utii wote kwa mfalme, mtawala, dola au nchi yoyote ya kigeni niliyokuwa raia wake. Nilitaka anikataze, nadhani. Baba alizaliwa 1949, mji ukiitwa Elisabethville, nchi ikiitwa Congo ya Wabelgiji. Akiwa na miaka kumi na moja walimpanga shuleni kusalimu bendera ya Katanga, ile yenye misalaba mitatu ya shaba. Mwaka 1963 ikashushwa. Mwaka 1971 akawa Mzairwa, na 1997 Mkongomani tena.

"Miye sikuhama hata siku moya," akasema. "Ni inchi njo zilikuwa zinapita mbele ya mulango yangu. Enda, Mama. Karatasi haizale mutu."

Kesho yake, Desemba 2022, niliinua mkono pamoja na watu wa nchi nyingi. Walichukua kadi zetu za kijani mlangoni, wakatupa hati. Msichana wa Nepal aliyeketi kulia kwangu alinishika mkono mpaka mwisho.

Nilipeleka ombi la Mama juma lile lile. Wiki ya tano, Januari 2023, simu ililia saa tisa za usiku.

Niwaeleze vizuri hapa, maana ndipo nilipojua nimeingia nchi gani na nimetoka nchi gani. Kadi ya kijani niliirudisha. Paspoti ya Marekani nilikuwa nimeiomba, haijafika. Kwa msiba kuna njia ya haraka ya kupata paspoti, ndani ya siku chache, na ningeifuata. Lakini baada ya paspoti ilibaki visa. Visa ya kwenda kumzika mama yangu, Katuba, kutoka nyumba niliyozaliwa. Nilikaa jikoni nikipiga hesabu ya siku kwenye bahasha: paspoti, visa, ndege mbili. Nyumbani walikuwa wameshapata siku ya mazishi na maturubai yalikuwa yameshafungwa. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia wasiningoje.

Nilifuata matanga kwa simu. Mtu alishika simu juu, picha ikawa inaganda na kurudi, nikawa naona migongo ya kina mama na kipande cha anga. Nilisikia udongo.

Sijasema kwamba najuta. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu ni kwamba ningefanya tena, kwa sababu nilifanya kwa ajili yake, na wakati ule hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee. Lakini ningeomba paspoti asubuhi ile ile ya kiapo, kabla ya kupiga picha na bendera. Ningekaa na wadogo zangu kwanza na kuwaambia maana ya ibara ya 10. Na ningekuja kumwona Mama mwaka ule wa 2022, mwezi mmoja tu, nikiwa bado na paspoti yangu ya Kongo na kadi yangu ya kijani, badala ya kuogopa kwamba safari itaharibu ombi. Mwezi mmoja usingeharibu kitu. Nilikuwa na woga wa bure, na hakuna aliyenitoa woga huo. Watu wanahadithiana maswali 100 tu.

Kwa hiyo Julai 2024, asubuhi ya pili baada ya Luano, tulikwenda makaburini. Baba alibeba maji kwenye kidumu kidogo na akamwagia maua ambayo yalikuwa yameshakufa kwa baridi na vumbi. Nilikuwa nimeleta ile hati ya uraia, sijui kwa nini, ilikuwa mkobani. Sikuitoa.

Juma lililofuata Baba alitandaza mezani makaratasi ya parseli, yaani kiwanja chenye nyumba yetu. Amefikisha miaka 75 na anataka kuona kila kitu kimepangwa. Mimi ndiye wa kwanza, na tangu zamani alikuwa ameamua kwamba parseli iandikwe kwa jina langu niilinde kwa ajili ya wote. Ilibidi nimwambie. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inampa Mkongomani peke yake haki ya ardhi isiyo na mwisho; mgeni anapewa mkataba wa muda, miaka isiyozidi 25, halafu anaomba tena. Nyumba ambayo Baba aliijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa mwalimu, kwangu ingekuwa kitu cha kuombaomba. Alisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. Wale waliopata kuchukua uraia mwingine wanaweza kuurudia wa Kongo kwa kutoa tamko, sheria inaruhusu, lakini lazima waache ule mwingine. Baba hakuniuliza kama nitafanya hivyo. Tukakubaliana parseli iandikwe kwa jina la mdogo wangu wa kiume.

Tulikwenda komini, ofisi ya serikali ya sehemu yetu ya mji, sote watatu pamoja. Karani alikuwa mama mwenye umri wangu, na alitaka kuandika orodha ya watoto wote kwanza. Baba akaanza na jina langu, lote, pamoja na lile la ubatizo.

"Huyu eko wapi?"

"Njo huyu eko hapa."

"Uraia?"

Baba akanitazama. Nikajibu mwenyewe, "Mwamerika," na karani akaandika bila kuinua kichwa. Baba akaweka kidole kwenye karatasi, pembeni ya neno lile.

"Andika na Katuba."

Karani akasema hapo hakuna nafasi ya kuandika mahali pa kuzaliwa. Baba hakuondoa kidole. Nyuma yetu watu walikuwa wanangoja, mtoto analia, mtu anauliza zamu ya nani. Mwishowe mama yule akageuza karatasi kidogo, akaandika ukingoni, kwa herufi ndogo ndogo, Katuba, kisha akauliza jina la mtoto wa pili.